Kutoka Hongo Hadi Stakabadhi: Sheria, Kipimo na Haki ya Mlaji Mkoani Tabora

Somo hili linahusu sheria inayogusa kila nyumba kila siku, ingawa ni wachache waliopata kuisoma: Sheria ya Vipimo, Sura ya 340 ya Sheria za Tanzania. Tumeuchagua Mkoa wa Tabora kuwa mfano kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mazao yake. Asali, tumbaku, mpunga, karanga na mahindi hupita mikononi mwa mnunuzi kwa kilo, kwa lita, kwa gunia au kwa debe, na kila kimoja kati ya hivyo kina namna yake ya kumwumiza mtu asiyekifahamu. Ya pili ni historia. Kabla ya mizani ya Serikali kufika, Tabora ilikuwa tayari kitovu cha biashara ya bara, na watu waliofanya biashara hapo walikwisha kuonja gharama ya kuuziana pasipo kipimo kinachokubaliwa na pande zote.

Msomaji anaposikia neno sheria, mara nyingi hufikiri juu ya kosa na adhabu. Sisi tunamwomba afikiri kwanza juu ya gharama. Sheria isipotekelezwa, au ikitekelezwa mahali pasipofaa, hasara haipotei hewani. Kuna mtu anayeibeba. Tutamtafuta mtu huyo katika somo hili lote.

Mkono wa nani, na kibaba cha nani?

Njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa upande wa Tura, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni safari ya takriban kilomita 1,200. Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857 na kuwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wakiwa wamekwisha kujenga matembe yao na kupanda mazao. Lakini waliobeba biashara yenyewe mabegani walikuwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Kwa hiyo mtu alibeba kama kilo 32, na pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo. Posho yake ilihesabiwa kwa kibaba, na desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Bidhaa za njiani zililipwa kwa nguo, shanga na waya, na nguo ilipimwa kwa mkono, yaani urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na mikono minane ilifanya doti.

Huo ulikuwa mfumo kamili wenye majina yake na hesabu zake, na si haki kuudharau. Dosari yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kubwa: mkono hutofautiana mtu na mtu. Muuzaji wa nguo mwenye mkono mfupi na mnunuzi mwenye mkono mrefu hawawezi kukubaliana juu ya doti moja. Kibaba nacho kilikuwa chombo cha kuchota, na chombo kinaweza kuwa kipana au chembamba, kikajazwa hadi kilele au kikafutwa juu kwa kiganja. Kati ya mkuu wa msafara aliyeshika kibaba na mpagazi aliyekinga nguo yake, aliyeamua ukubwa wa kibaba hakuwa yule aliyelala njaa.

Mlaji wa leo anayechotewa karanga kwa kisado sokoni amesimama mahali pale pale aliposimama mpagazi. Tofauti ni kwamba yeye anayo sheria.

Hongo ilipokuwa ushuru

Neno hongo kwa masikio ya leo ni neno la aibu. Katika njia ya misafara halikuwa hivyo. Hongo ilikuwa malipo ambayo msafara ulitoa kwa mtawala wa nchi ili uruhusiwe kupita, kunywa maji na kununua chakula. Watawala wa Ugogo, ambako maji ni adimu, walijulikana sana kwa kutoza hongo, na hawakukosa hoja: visima vilikuwa vyao, na msafara wa mamia ya watu ungeweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja. Kwa hiyo hongo ilikuwa sheria ya wakati wake.

Tatizo lilikuwa kwamba kiwango chake hakikujulikana kabla. Kila msafara ulipatana upya, na mapatano yaliweza kuchukua siku kadhaa huku posho ikiendelea kuliwa. Aliyekuwa na bunduki nyingi alitoa kidogo. Aliyekuwa dhaifu alitoa zaidi. Waliolipa leo hawakuwa na kitu cha kuonyesha kesho kwamba wamekwisha kulipa.

Mwaka 1871 mgogoro wa namna hiyo ulizaa vita. Mirambo, mtawala aliyejenga nguvu zake katika nchi iitwayo leo Urambo, aligombana na Waarabu wa Unyanyembe, na miongoni mwa mambo waliyogombania ilikuwa malipo ya kupita katika nchi yake. Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama Kwihara karibu na Tabora, akaingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, na mwishowe akalazimika kuzunguka upande wa kusini ili afike Ujiji. Vita viliendelea kwa miaka kadhaa. Hatusemi kwamba stakabadhi ingezuia vita. Wenye nguvu walikuwa na sababu nyingi za kupigana. Tunasema tu kwamba ushuru usio na kiwango kinachojulikana humwachia kila upande nafasi ya kuamini kwamba umeonewa.

Vita hivyo vikiwa bado vinaendelea, mbali na Unyamwezi, wajumbe wa mataifa 17 walikutana Paris na tarehe 20 Mei 1875 wakatia saini Mkataba wa Mita, ili mita na kilo ziwe na maana moja kila mahali. Ndiyo sababu Siku ya Vipimo Duniani huadhimishwa kila tarehe 20 Mei.

Kabla hatujaondoka katika historia, liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipita kimya. Njia hii haikupitisha pembe na nguo tu. Ilipitisha watu waliouzwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa karatasi, jambo lilikwisha. Lakini bara hakukuwa na mtu wa kuitekeleza amri hiyo, na utawala wa Kijerumani uliokuja baadaye haukuufuta utumwa moja kwa moja. Ulitosheka kutamka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kati ya 1873 na 1922 ni miaka 49. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto katika mwaka wa mkataba aliweza kuzeeka kabla ya sheria kumfikia. Upungufu wa kilo mbili za mchele haulingani hata kidogo na unyama huo, na hatuulinganishi. Tunauleta mfano huu kwa sababu unaonyesha wazi kuliko mwingine wowote umbali uliopo kati ya siku ya kutia saini na siku ambayo mtu wa kawaida anaona badiliko katika maisha yake.

Sheria ya sasa inasema nini

Sheria ya Vipimo ilitungwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2002 usimamizi wake umekuwa chini ya Wakala wa Vipimo, wenye ofisi katika kila mkoa wa Tanzania Bara. Kwa ufupi, sheria inamtaka kila anayetumia kipimo katika biashara atumie kilicho sahihi na kilichohakikiwa. Mizani ya dukani, mizani ya kununulia mazao, pampu ya mafuta, mizani ya magari na vingine vya namna hiyo hukaguliwa kila mwaka, na kilichofaulu huwekewa alama. Mtu akitumia kipimo ambacho hakikuhakikiwa, au akakichezea baada ya kuhakikiwa, ametenda kosa; anaweza kutozwa faini au kufikishwa mahakamani, ambako kifungo nacho kinawezekana.

Debe, ndoo, bakuli na kisado si vipimo vya biashara vinavyotambuliwa na sheria. Vinatumika kila mahali, hilo tunalijua kama msomaji anavyolijua. Lakini debe lililobondwa kitako kuelekea ndani linaonekana zima kwa juu, na hakuna mkaguzi awezaye kuliwekea alama chombo ambacho hakikutengenezwa ili kuwa kipimo.

Gunia lenye kofia

Sheria inakataza kufungasha mazao ya shambani kwa uzito unaozidi kilo 100 kwa gunia. Lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilele na kushonewa kwa kamba, kama mtu aliyevikwa kofia. Uzito wake hauna mpaka maalumu. Hutegemea kamba na nguvu za anayeshindilia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima wa mpunga wa Nzega amepatana na mnunuzi shilingi 80,000 kwa gunia. Kama gunia lina kilo 100, kila kilo imeuzwa kwa shilingi 800. Mnunuzi anakuja na magunia yake, na kila moja likifungwa linakuwa na kilo 130. Bei ya gunia haikubadilika, lakini bei ya kilo imeshuka hadi shilingi 615, na mkulima ametoa bure kilo 30 zenye thamani ya shilingi 24,000. Katika magunia kumi ametoa shilingi 240,000. Kwa familia nyingi za vijijini hiyo ni ada, ni sare na ni madaftari.

Wengine husema kwamba angalau mlaji wa mjini hupata nafuu. Hatuoni nafuu hiyo inapita wapi. Gunia likifika mjini hufunguliwa na kuuzwa kwa kilo au kwa kisado, na zile kilo 30 huuzwa kama nyingine zote. Aliyezipata bure hana sababu ya kuzigawa bure.

Ipo hasara ya pili ambayo wakulima wengi hawaifahamu. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka Halmashauri moja kwenda nyingine. Tani moja ni magunia kumi halali ya kilo 100. Mkulima aliyezoea kuhesabu magunia badala ya kilo hupakia magunia kumi akiamini yuko ndani ya msamaha. Kama ni lumbesa za kilo 130, mzigo wake una kilo 1,300. Hata nane tu zingemtoa katika msamaha, kwa kuwa zina kilo 1,040. Sheria moja imempa nafuu, na kwa kuivunja nyingine ameipoteza nafuu hiyo mwenyewe, na huenda gunia lenyewe alilazimishwa kulijaza.

Hapa ndipo mahali pa utekelezaji panapokuwa na uzito. Lumbesa ikikamatwa kizuizini, barabarani, mkulima amekwisha kupata hasara yake shambani. Faini itamwangukia aliye na gari, na huyo ataiingiza katika hesabu za msimu ujao. Akikamatwa mkulima mwenyewe anayepeleka mzigo wake mnadani, basi mtu mmoja ameumia mara mbili. Kwa maoni yetu, ukaguzi wa barabarani ni wa lazima lakini peke yake hautoshi. Mahali pa kuimaliza lumbesa ni pale gunia linapofungwa: kwenye kituo cha kununulia mazao cha kijiji, chenye mizani iliyohakikiwa, ambako mnunuzi analipa kwa kilo na ukubwa wa gunia haumhusu mtu. Halmashauri na vyama vya ushirika vyenye vituo vya namna hiyo vimempunguzia mkulima ubishi.

Mkulima mmoja mmoja hana nguvu ya kukataa. Akikataa, mnunuzi huwasha Fuso yake na kwenda kijiji cha pili. Kijiji kizima kikikataa, na cha jirani nacho kikakataa, gari hilo litarudi. Kwa hiyo tunawashauri wakulima walipeleke jambo hili katika mkutano mkuu wa kijiji au wa chama chao cha msingi kabla ya mavuno, na si siku ambayo mnunuzi amekwisha kufika na watoto wanasubiri ada.

Lita ya asali si kilo ya asali

Asali ya Tabora husafiri mbali, nayo ina jambo linalowapotosha wauzaji na wanunuzi sawasawa. Maji ya lita moja yana uzito wa kilo moja, na watu wengi huichukulia hivyo hivyo kila kitu cha majimaji. Asali ni nzito zaidi: lita moja ya asali iliyokomaa ina kilo 1.4 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali ina kilo zipatazo 28.

Mfugaji nyuki wa Sikonge anayekubali kwamba ndoo yake ni “kilo 20” amempa mnunuzi kilo nane bila malipo. Upande wa pili, mlaji anayelipa bei ya kilo moja na kupewa chupa ya lita moja amepata zaidi ya alichotarajia. Lakini anayelipa bei ya lita na kupewa kilo moja amepunjwa, kwa kuwa kilo moja ya asali hujaza kama sehemu saba tu katika kumi za lita. Kwa hiyo kabla ya bei, ulizeni kwanza: tunauziana kwa kilo au kwa lita?

Uzito unaweza pia kusaidia kugundua asali iliyoongezwa maji. Pima chupa tupu, ijaze lita moja kamili, pima tena. Tofauti ikiwa ni kilo 1.2 badala ya 1.4, una haki ya kuuliza maswali. Kipimo hiki hata hivyo hakitambui kila udanganyifu. Sharubati nzito ya sukari inakaribia uzito wa asali, na kuitambua ni kazi ya maabara. Suala la ubora wa asali linapelekwa Shirika la Viwango Tanzania.

Tumbaku: mizani na daraja

Kuhusu tumbaku tutasema machache, kwa kuwa zao hili lina sheria yake ya mwaka 2001 na bodi yake. Mkulima wa Urambo, Kaliua au Uyui hulipwa kwa uzito na kwa daraja. Mizani inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado mkulima akaondoka na fedha pungufu kwa sababu daraja limeshushwa. Alama ya uhakiki iliyo kwenye mizani haisemi lolote juu ya daraja. Haki ya mkulima ni kuwepo au kuwakilishwa mzigo wake unapopimwa na kuteuliwa, kuandikiwa vyote viwili, na kupinga hapo hapo asiporidhika. Robota likishachanganywa na mengine hakuna anayeweza kulitambua.

Mbele ya mizani

Mlaji wa kawaida hukutana na sheria hii akiwa buchani, dukani au sokoni. Mambo ya kutazama ni machache, nayo hayahitaji elimu.

Tazama kwanza kama mizani ina alama ya uhakiki na kama mwaka wake haujapita. Kisha tazama kama kabla ya kuweka bidhaa mshale au tarakimu ziko kwenye sifuri. Mizani inayoanza kwenye gramu 50 inamwibia kila mteja gramu 50, na mteja wa nusu kilo anaumia kuliko wa kilo kumi. Aghalabu mteja wa nusu kilo ndiye mwenye kipato kidogo. Mizani iwekwe mahali ambapo wewe pia unaiona, juu ya meza iliyo sawa. Kwa mizani ya mawe, jiwe liwe jiwe la mizani lenye alama, si kipande cha chuma wala betri ya redio. Kwa bidhaa iliyofungashwa kiwandani, uzito halisi lazima uwe umeandikwa, na una ruhusa ya kuomba upimwe mbele yako. Katika kituo cha mafuta, pampu ianzie sifuri, na bei isizidi bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi.

Wapo wanaoona haya kuomba kupimiwa tena, hasa kwa muuzaji wanayemfahamu. Hakuna haja ya ukali. “Mwangaluka, mayu. Naomba turudishe sifuri kwanza,” inatosha, na muuzaji mwaminifu hatachukia, kwa kuwa jirani yake mwenye mizani mbovu ndiye anayemharibia biashara kwa kuonekana anauza rahisi.

Kinachotofautisha ushuru na hongo

Tulisema kwamba hongo ya zamani haikuwa na kiwango wala kumbukumbu. Malipo halali ya leo yanapaswa kuwa na vyote viwili. Anayekudai fedha kwa niaba ya Serikali au Halmashauri lazima aweze kukuonyesha ni chini ya sheria au sheria ndogo ipi, kwa kiwango gani, na lazima akupe stakabadhi inayoonyesha kiasi kile kile ulichotoa. Hili linawahusu wakusanyaji wa ushuru, walinzi wa vizuizi, na linawahusu pia wakaguzi wa vipimo wanaovaa kitambulisho chetu. Faini hailipwi mfukoni mwa mkaguzi. Viwango hubadilika, hivyo ulizia ofisi ya Halmashauri kilichopo sasa kabla ya kusafirisha mzigo.

Ukiombwa fedha zisizo na stakabadhi, umeombwa hongo kwa maana ya leo, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa kwa anayepokea na kwa anayetoa. Taarifa hupelekwa TAKUKURU, na simu yao ya bure ni 113. Tunafahamu kwamba aliye na nyanya zinazooza kizuizini hana muda wa kubishana. Hata hivyo anao muda wa kuandika mahali, saa, na namba ya kitambulisho, na mara nyingi ombi la stakabadhi lenyewe humaliza mazungumzo.

Malalamiko yapelekwe wapi

Kasoro ya mizani, lumbesa, pampu na upungufu wa uzito katika bidhaa iliyofungashwa hupelekwa ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa, au kwa mtendaji wa kijiji au kata aliye karibu, ambaye ataifikisha. Ubora na usalama wa bidhaa ni Shirika la Viwango. Bidhaa bandia na matangazo ya uongo ni Tume ya Ushindani. Nauli ya basi iliyozidi ni LATRA.

Malalamiko hayahitaji wakili wala maneno makubwa. Andika jina la biashara au mahali ilipo, tarehe na saa, ulichonunua, uzito ulioambiwa, na uzito ulioupata ulipopima kwingine. Ambatisha stakabadhi kama unayo. Kama huna, taja aliyekuwepo. Usifungue bidhaa iliyofungashwa, na usiile. Fika mapema, ikiwezekana siku ile ile, kwa sababu mizani mbovu inaweza kuondolewa usiku na nzuri ikawekwa asubuhi, na mkaguzi akafika akakuta kila kitu sawa.

Zoezi la kikundi

1. Mfugaji nyuki ameuza ndoo tatu za lita 20 zilizojaa asali, kila moja ikihesabiwa kuwa kilo 20, kwa shilingi 8,000 kwa kilo. Ametoa bure kilo ngapi, na zina thamani gani?

2. Mkulima ana kilo 950 za mahindi anazotaka kuzipeleka Halmashauri ya jirani. Mnunuzi anamshauri azifunge katika lumbesa saba ili “zionekane chache.” Mweleze mkulima huyo anachopoteza na asichopata.

3. Taja malipo yote ambayo mtu wa kikundi chenu ametoa msimu huu kuanzia shambani hadi sokoni. Ni yapi yana stakabadhi mkononi?